Masikio ya Baba Mkwe

Mtu akistaafu, watu humtarajia afuge kuku, ajenge vyumba viwili vya kupangisha, au angalau aanze kulalamikia magoti. Baba mkwe wa Sikio hakufanya hata kimoja. Alinunua gari la paa la kukunja, jekundu, la milango miwili, ambalo mwenyewe wa kwanza alilichoka na wa pili alilikimbia. Siku alipolileta nyumbani, mkewe alitoka barazani, akalizunguka mara mbili, akauliza, "Hili limeezuliwa na upepo, au ndivyo lilivyozaliwa?"

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Maisha yake yote alikuwa mwalimu wa muziki shuleni, na kwa miaka ishirini na saba jioni zake alizitoa kwa kwaya ya wafanyakazi wa posta. Mji mzima ulimwita Mwalimu, hata watu ambao hakuwahi kuwafundisha kitu. Alichokitaka uzeeni kilikuwa kidogo tu: kufunua paa asubuhi, kushika barabara kuu, na kuisikiliza kwaya yake upepo ukimpiga kwenye kipara.

Tatizo ni kwamba kupiga muziki katika gari lisilo na paa ni kutia maji kwenye pakacha. Ndani ya gari la kawaida sauti ina kuta na dari, inagonga na kurudi. Ukifunua paa, besi inatawanyika, sauti nyembamba zinapeperuka, na dereva anabaki anasikiliza matairi. Tena gari lenyewe lilikuwa na spika mbili za karatasi milangoni, zimekauka na kupasuka. Kwaya ya watu thelathini ilisikika kama watu wanne wanaogombana bafuni.

Kwa bahati, au tuseme kwa balaa, Mwalimu alikuwa na mkwe fundi.

Jina halisi la huyo fundi hata majirani walikuwa wamelisahau. Aliitwa Sikio. Karakana yake ilikuwa ya bati, yenye nafasi ya magari mawili, imebanwa kati ya duka la betri na kibanda cha fundi viti. Mafundi wengine wa muziki wa magari walikuwa na vipaza sauti vidogo vya kupimia na kompyuta za kuchora mistari. Sikio hakuwa navyo, na alijivunia kutokuwa navyo. "Mashine inapima sauti," alizoea kuwaambia wateja, "sikio linapima utamu." Alikaa kwenye kiti cha dereva, akafumba macho, akazungusha vidude vyake taratibu kama anayetafuta chumvi kwenye mchuzi, na aliposema "hapo," ilikuwa hapo. Watu walisafiri kutoka mbali kwa ajili ya hiyo "hapo" yake.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa akijaribu masabufa akiwa ameingiza kichwa ndani ya buti. Mkewe aliwahi kumnunulia vizibo vya masikio, vile vya sponji. Sikio alivicheka. Fundi wa sauti anayeziba masikio, alisema, ni sawa na mpishi anayeziba mdomo. Fundi viti alimsifu kwa msemo huo, ukawa msemo wa karakana, na vizibo vikaishia kuzuia dirisha la choo lisipige kelele.

Gari la baba mkwe alilishughulikia kwa siku nne, bure kabisa, na kwa mapenzi ya kweli. Mwacheni apewe haki yake hapo. Alibandua mbao za milango, akabandika mikeka ya lami kwenye bati la ndani ili lisitetemeke. Alikata pete za mbao kwa mkono wake mwenyewe, akafunga spika mpya. Amplifaya ikalala chini ya kiti cha abiria. Sabufa ndogo aliiweka nyuma ya viti, pale paa linapojikunja, na alipima mara tatu ili paa lisije likaiponda. Twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, alivitia kwenye pembe za vioo na kuvielekeza usoni mwa dereva. Kisha akashika barabara kuu, paa likiwa chini, na rekodi ya kwaya ya posta ikiimba.

Besi ilikaa sawa mapema. Sauti nyembamba ndizo zilizomsumbua. Alizisikia kwa mbali, zikazama kwenye upepo, akasema moyoni kwamba ndiyo tabia ya magari haya. Akapandisha kidogo. Akapandisha tena. Alipandisha mpaka alipozisikia vizuri, kila herufi mahali pake, akatabasamu peke yake barabarani na kusema, "Hapo."

Mwalimu alikuja kulichukua Ijumaa saa sita mchana. Karakana ilikuwa na watu: fundi viti na sindano yake, wateja wawili wakisubiri magari yao, na bwana mmoja mwenye kampuni ya kukodisha magari ya harusi, ambaye alikuwa na magari matatu ya paa la kukunja na alikuja hasa kuona kama maneno ya watu kuhusu Sikio ni ya kweli. Mwalimu aliingia ndani ya gari, akafunga mkanda kana kwamba anasafiri, Sikio akabonyeza.

Kwaya ikaanza. Mwalimu akakunja uso.

"Mkwe," alisema, "hebu punguza kidogo hizi za juu."

"Zipi, Baba?"

"Za juu. Za wanawake. Zinakwaruza. Kila wakitamka 's' inapiga mluzi, kama mtu anakwaruza sahani kwa uma."

Sikio aliinama, akaingiza kichwa dirishani, akasikiliza. Aliisikia kwaya tamu, safi, imepangika. Hakusikia mluzi, hakusikia uma. Akainuka, akawaona watu wote wanamtazama, na bwana wa magari ya harusi amekunja mikono kifuani.

"Baba, iko sawasawa," alisema.

"Haiko sawasawa, mwanangu. Mimi hawa nimewafundisha. Hawaimbi hivi."

Hapo ndipo Sikio alipofanya lile alilolifanya. Hakutukana, hakupandisha sauti. Aliweka mkono begani mwa mzee, akacheka kwa upole, na akasema kwa namna ambayo kila aliyekuwepo aliisikia:

"Baba, si spika hizo. Masikio yanazeeka kama magoti. Mtu akifika umri wako, sauti nyembamba zinaanza kumchezea. Wewe zoea tu, utaona ni tamu."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile kicheko cha kuwacheka wazee wanaonunua magari mekundu. Fundi viti akaongeza, "Mwalimu, ukibishana na Sikio kuhusu sauti, kesho utabishana na samaki kuhusu maji."

Mwalimu hakucheka. Alimtazama mkwe wake kwa muda, kwa macho ya mtu anayesomewa majibu na daktari.

"Kumbe," alisema. "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni umri, Baba. Si kosa lako."

"Na wewe ndiye unayejua," alisema Mwalimu. Akamshukuru, akawaaga watu wote mmoja mmoja, akaondoka na muziki umezimwa. Bwana wa magari ya harusi alibaki nyuma na kuagiza kazi ya magari yake yote matatu.

Wiki moja baadaye, mke wa Sikio alirudi kutoka kwa wazazi wake akiwa na uso mzito. Aliweka mkoba mezani, hakukaa.

"Baba ameacha kwaya."

"Kuacha vipi?"

"Kuacha. Amemkabidhi msaidizi wake mafaili yote. Amewaambia kiongozi asiyesikia vizuri hawezi kujua nani ameanguka na nani amepanda, atawapoteza. Na mashindano yamebaki wiki tatu." Alimtazama mumewe. "Anasema wewe ndiye uliyemfumbua macho, Baba Pacha. Anakushukuru, eti."

Sikio alihisi kitu kikimchoma, lakini kidogo, na alikuwa na dawa yake tayari. Bora ajue mapema, alijiambia. Mzee mwenye heshima zake angekuja kuaibika jukwaani mbele ya kwaya nyingine. Alimweleza mkewe hivyo, na hata yeye mwenyewe alipojisikiliza aliona ni maneno ya busara.

Dawa hiyo ilidumu siku kumi.

Jumanne asubuhi mkewe alipita karakana kumletea simu aliyoisahau nyumbani. Alimkuta ndani ya gari la kwanza la harusi, amewasha sauti ya kupimia spika, inayoanza chini kama mngurumo wa jenereta na kupanda taratibu mpaka juu kabisa. Akaketi kiti cha abiria kumsubiri. Sauti ikapanda, ikapanda, ikawa nyembamba kama uzi, ikaisha. Sikio akageuka kwake.

"Haya, nipe simu."

"Zima kwanza hicho kitu."

"Kimekwisha."

"Kimekwisha wapi? Zima bwana, kinanitoboa!" Alikuwa ameziba masikio kwa viganja.

Sikio alicheka. Kisha akaacha kucheka. Alirudisha sauti mwanzo, akamwambia mkewe wafanye mchezo: wote wainue mkono, na kila mmoja aushushe pale sauti itakapoisha. Sauti ikapanda. Sikio akashusha mkono. Mkewe hakushusha. Sikio akaanza kuhesabu kimoyomoyo, akiutazama ule mkono wenye bangili mbili uliobaki hewani kama wa mwanafunzi anayejua jibu. Alifika tisa ndipo uliposhuka.

"Baba Pacha," mkewe aliuliza polepole, "hukuisikia?"

"Niliisikia. Nilikuwa nakupima wewe."

Uongo huo ulimtoka upesi, tena laini, na hilo lilimtisha kuliko kutosikia kwenyewe.

Alhamisi alikwenda peke yake kwenye zahanati ya masikio upande wa pili wa mji, akavaa kofia mpaka kwenye nyusi kama mwizi. Mama mmoja mwenye koti jeupe alimfungia kwenye chumba kidogo, akamvisha visikilizio, akamwambia abonyeze kitufe kila atakaposikia. Kuna nyakati ndefu ambazo Sikio alikaa na kitufe mkononi akisubiri, na alipochungulia kupitia dirisha la kioo alimwona yule mama naye anasubiri. Mwishoni alionyeshwa karatasi. Mstari wake ulikwenda vizuri, kisha ukashuka kama ngazi za ghorofa.

"Sauti nyembamba zimekwenda," mama alisema, "na hizi hazirudi. Unafanya kazi gani?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa magari," alisema Sikio, akaona aibu mpaka shingoni.

Ile karatasi aliichana vipande vidogo kabla ya kufika nyumbani, mkewe asije akaiona. Sasa alijua kila kitu. Mwalimu alisikia vizuri. Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu uma na sahani na mluzi. Masikio mabovu yalikuwa ya fundi, na fundi aliyachukua akamvisha mzee wa watu mbele ya halaiki. Mashindano yalikuwa yamebaki siku tisa tangu ile Alhamisi, na kumi na moja tangu Jumanne aliyoujua ukweli. Siku zote hizo zilitosha kwenda na kusema, "Baba, rudi kwenye kwaya yako." Ilikuwa sentensi moja tu.

Hakuisema. Aliogopa, huo ndio ukweli, na hakuna haja ya kuupamba. Akisema, leo atajua Mwalimu, kesho fundi viti, na keshokutwa mji mzima utakuwa unasimuliana habari za Sikio kiziwi. Nani atamletea gari? Magari mawili ya harusi yalikuwa bado. Akajiambia atasema baada ya kazi hiyo, na kila asubuhi aliamka akiwa amejiahidi, na kila jioni alirudi nyumbani akimkwepa mkewe macho.

Jumapili kabla ya mashindano walikwenda kuwasalimia wazee. Gari jekundu lilikuwa limefunikwa turubai. Mwalimu alikuwa barazani, ameweka kiganja nyuma ya sikio.

"Shikamoo, Baba," alisema Sikio.

"Eh? Sema kwa nguvu, mwanangu."

"Shikamoo!"

"Marahaba, marahaba. Unisamehe, ndio hivyo tena."

Mama mkwe alileta chai, akaweka sinia kwa kishindo. "Hebu mwambieni huyu baba yenu," alisema. "Juzi kalala chumbani, mlango umefungwa, akasikia mtungi wa gesi unavuja jikoni. Mimi niliyekuwa jikoni sikusikia! Lakini ukimwambia anasikia, anakataa. Anasema Sikio amesema."

"Lile nilinusa," alisema Mwalimu.

"Ulinusa wapi na mafua yale?"

Mke wa Sikio alicheka. Sikio alipaliwa na chai, akakohoa mpaka machozi, na mzee akampigapiga mgongoni kwa huruma. Ule mkono mgongoni ulimuuma kama kipigo. Mtu aliyekuwa akijua nani kati ya waimbaji thelathini ameamka na kikohozi, sasa alikuwa anajifunza ukiziwi kama anayejifunza lugha, kwa bidii, kwa kuwa mkwe wake alimwambia ndio umri wake. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema. Sikio aliomba sukari.

Mashindano yakafika Jumamosi. Kwaya ya posta, iliyozoea kushika nafasi ya kwanza au ya pili, ilikuwa ya nane kati ya tisa. Mke wa Sikio alikwenda kusikiliza, kisha akampitia mumewe karakana. Sauti ya pili ilianza kuanguka kwenye ubeti wa kwanza, alieleza, na msaidizi hakusikia, akaendelea kupunga mikono, na waliposhuka wao wakawavuta wengine, mpaka kwaya nzima ikawa shimoni.

"Kuna mtu alimpigia Baba simu, akaishika juu ili asikilize kutoka nyumbani," alisema. "Mama anasema Baba alikaa na simu sikioni, anatikisa kichwa, anasema, 'Wameshuka nusu sauti, wameshuka nusu sauti.' Halafu akaiweka chini. Akasema, 'Labda ni masikio yangu.'" Alifuta macho kwa upande wa kanga. "Akaenda kufunga madirisha."

Sikio alikaa chini palepale, juu ya boksi la spika. Kisha akamwambia mkewe yote: mkono wake uliobaki hewani, zahanati, karatasi, siku kumi na moja. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ulijua," alisema. "Ulikunywa chai ya mama yangu, na ulijua."

"Nilijua."

"Usiniambie mimi. Nenda kamwambie mwenyewe."

Akaenda asubuhi yake. Alimkuta Mwalimu anapanga daftari za noti kwenye makasha ya karatasi, azipeleke shuleni. Sikio hakukaa. Alisimama mlangoni, akasema kila kitu kwa mkupuo mmoja, maana alijua akipumzika katikati ataishia njiani.

Mwalimu akatabasamu, tabasamu zuri la kizazi chake.

"Mwanangu," alisema, "una moyo mzuri. Mke wako amekutuma?"

"Baba, hapana. Ni kweli."

"Umesikia nimehuzunika kwa ajili ya mashindano, ukaona unifariji. Ahsante. Lakini Sikio asiyesikia! Watu wanatoka mji wa tatu kukufuata kwa ajili ya masikio hayo. Wewe huwezi kukosea, na mimi nina miaka sitini na saba." Akamgusa kifuani kwa kidole. "Nimeshakubali. Usinirudishe nyuma."

Sikio alitafuta cha kumwonyesha, akakumbuka kwamba karatasi ya zahanati aliichana mwenyewe. Ushahidi wote uliobaki ulikuwa ndani ya kichwa chake. Na heshima ileile aliyokuwa akiilinda kwa siku kumi na moja ndiyo iliyokuwa imesimama sasa kati yake na mzee huyu, imeziba mlango wote. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema wahenga. Walichosahau kusema ni kwamba mwenye kuyamwaga hulazimika kupita juu yake kila siku.

"Basi nifanyie jambo moja," alisema hatimaye. "Kesho saa sita uje karakana na gari. Kama mkwe wako, nakuomba."

Alikuwa na sababu ya kuchagua saa hiyo. Jumatatu saa sita fundi viti alikuwepo, wateja walikuwepo, na bwana wa magari ya harusi alikuwa amekuja kuchukua gari la tatu. Mwalimu alifika na gari jekundu, Sikio akalipokea mbele ya wote. Akafunua paa. Akamkalisha Mwalimu kiti cha dereva, yeye akaketi kando.

"Jamani, sogeeni," alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu. "Ijumaa ile nilimwambia Baba mbele yenu kwamba masikio yake yamezeeka. Nyote mlisikia. Sasa nataka mwone. Kuna sauti itapanda. Kila anayeisikia ainue mkono, ikimwishia aushushe."

"Huu mtihani wa shule ya chekechea?" aliuliza fundi viti, lakini aliinua mkono.

Sauti ikaanza. Mikono saba ilikuwa juu. Ikapanda, ikapita ilipokuwa nene, ikaanza kuwa uzi. Mkono wa kwanza kushuka ulikuwa wa Sikio. Aliushusha taratibu, akauweka juu ya paja, watu wote wauone. Bwana wa magari ya harusi aliutazama, akamtazama yeye usoni. Ikapita muda, akashusha fundi viti. Wakafuata wengine. Wa Mwalimu ulibaki juu pamoja na wa mteja mmoja kijana, kisha ukashuka.

Hakuna aliyecheka. Fundi viti alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu afungue kibanda chake, akaufunga bila kusema kitu. Bwana wa magari ya harusi alichukua funguo zake mezani, akaenda kukaa ndani ya gari lake, akawasha redio, akaanza kulisikiliza upya akiwa ameinamisha kichwa.

Mwalimu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Kile kiganja alichozoea kukiweka nyuma ya sikio hakukiinua.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Masikio, sijui, Baba. Labda miaka."

"Siulizi masikio. Ulijua lini?"

Sikio alitamani aulizwe chochote kingine. "Siku kumi na moja kabla ya mashindano."

"Kumi na moja." Mwalimu alilitamka neno lile kama anayelionja. "Jumapili ile uliyopaliwa na chai?"

"Nilikuwa najua."

Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, wakijifanya wamekumbuka kazi zao. Kwenye duka la betri mtu alikuwa anapiga misumari. Sikio alingoja atukanwe, na alilingoja tusi hilo kwa hamu kama mgonjwa anayengoja sindano, lipite liishe. Halikuja.

"Weka kwaya," alisema Mwalimu.

Akaweka. Wanawake wakaingia, na mzee akakunja uso uleule wa Ijumaa ile.

"Punguza."

Sikio akapunguza.

"Punguza."

Akapunguza tena. Kwa masikio yake ilikuwa kama mtu anayefunga dirisha. Maneno ya wimbo yalianza kupoteza kingo zake.

"Bado. Punguza."

Kila alipozungusha, kwaya ilizidi kumwendea mbali, hadi wakawa kama watu wanaoimba chumba cha pili, mlango umefungwa, ukijua tu kwamba wapo. Alitaka kusema imezidi, itakufa kabisa. Akauma ulimi. Mwalimu alikuwa amefumba macho, mikunjo ya uso imelegea, na mkono wake wa kulia umeachia usukani na kuanza kupima mapigo hewani, kwa kidole kimoja kwanza, kisha kwa kiganja chote.

"Hapo," alisema Mwalimu. "Unawasikia sauti ya pili wanavyoingia, polepole, chini ya wenzao?"

"Hapana, Baba," alisema Sikio.

Mwalimu hakumpa pole. Aliurudisha wimbo mwanzo, akausikiliza peke yake mpaka mwisho.